Moshi wa Ikombe, Kengele ya Mwaya

Mwaya, Forodhani
12 Februari 1912

Shemeji yangu Mwalimu Zebedayo,

Ugonile. Sisi hatujambo. Dada yako Veronika hajambo, na mpunga umeshika vizuri. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kikisi chenu kinanishinda, na Kinyakyusa chako, nisamehe, kinachekesha hata mbuzi wetu.

Jana bwana wa forodha aliita mkutano katika ghala la kampuni. Yeye alisimama kwa upande wa serikali. Walikuwapo pia bwana wa kampuni inayonunua mchele na mpira, mchungaji wa Ipyana, na wenye mitumbwi, Wakisi wenzako, wakiongozwa na Aliko. Mimi, kama kawaida ya karani, nilikaa mezani kuandika. Jambo lilikuwa moja. Mwaka jana upepo wa kusini ulizamisha mitumbwi sita mbele ya bandari hii, wakafa watu kumi na mmoja, na baba yako alikuwa mmoja wao. Bwana wa forodha alikiri kwamba serikali haiwezi kuilinda bandari peke yake. Bwana wa kampuni akasema kampuni nayo haiwezi, ingawa mali iliyojaa ufukweni ni yake. Wakakubaliana kila upande utoe kitu.

Serikali imetoa mlingoti na bendera, pamoja na chombo cha kioo chenye sindano ambacho bwana anasema hujua dhoruba kabla yetu. Kampuni imetoa kengele ya shaba ya tishari lao la zamani, kamba ndefu, na mashua ya kuokolea watu yenye wapiga makasia wanane. Kila mtumbwi utapakwa namba, ijulikane nani ametoka na nani hajarudi, na wezi wa mabunda ya mpira nao watambulikane. Ilipofika zamu ya wenye mitumbwi, bwana wa kampuni aliuliza kwa kejeli kidogo Wakisi watatoa nini. Aliko ndiye aliyejibu.

"Sisi tutatoa macho," akasema.

Hakuna aliyecheka, maana ni kweli. Upepo ule mnauona nyinyi kwenye rasi ya Ikombe kabla haujatufikia sisi. Umechaguliwa wewe uwe mlinzi wa huko. Ukiuona, washa moshi. Sisi tukiuona moshi wako tutapiga kengele, mashua itashuka majini, na mitumbwi iliyo karibu itakimbilia mdomo wa mto.

Kengele amekabidhiwa baba yangu, Mzee Nsajigwa. Amepewa na koti lenye vifungo vya shaba. Tangu jana hajalivua, hata kwenye jua hili.

Wako,
Ambilikile


Ikombe
20 Februari 1912

Shemeji Ambilikile,

Ndaga fijo kwa barua yako. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama asikie. Nilipofika mahali pa jina la baba aliinamisha kichwa. Nilipofika mahali pa chombo cha kioo alicheka mpaka akashika ubavu. Anakuomba umwambie bwana wa forodha kwamba hakuna mwanamke wa Ikombe anayechoma vyungu kabla ya kuuliza upepo. Wanawasha nyasi kidogo, wanatazama. Moshi ukipanda wima, wanachoma. Ukilala chini na kutambaa, wanafunika vyungu na kwenda shambani, kwa sababu upepo ukikuta vyungu motoni hupasuka vyote. Hawajawahi kuhitaji sindano.

Kazi nimeikubali. Nimeikubali kwa ajili ya baba. Nimekusanya majani mabichi ya migomba na kuyarundika mahali pawili kwenye rasi, ili moshi wa hatari uwe wa nguzo mbili, usichanganywe na moshi wa vyungu. Jana jioni nilikaa pale juu peke yangu. Shemeji, mimi nimezaliwa kwenye maji haya, lakini sijawahi kuyatazama kwa kazi. Ziwa lile halina mwisho. Nilianza kujiuliza mtu mmoja mwenye rundo la majani ana haki gani ya kusema na kitu kikubwa hivyo.

Ninapoandika, mama anapima vyungu alivyochoma jana. Anakigonga kila kimoja mara tatu kwa kifundo cha kidole, ananyamaza, anasikiliza kama kina ufa, kisha anakwenda kwenye kingine. Veronika naye alikuwa akigonga hivyo hivyo. Mwambie tunamkumbuka.

Swali langu ni moja. Ghala la kampuni limeziba upande wetu, nimeliona mwenyewe. Aliyekaa kwenye kengele hawezi kuiona Ikombe. Nani atautazama moshi?

Zebedayo


Mwaya, Forodhani
9 Machi 1912

Shemeji,

Umeuliza swali la mwalimu. Jibu lake utalipenda: atautazama dada yako. Unajua lile dungu letu katika shamba la mpunga, ambalo Veronika hupanda kufukuzia ndege. Kutoka pale Ikombe inaonekana yote, na hakuna mtu Mwaya anayejua moshi kumshinda binti wa mfinyanzi. Bwana wa forodha alisita kwa kuwa ni mwanamke, ila bwana wa kampuni alisema macho hayana ndevu, na nikaandika jina lake.

Juzi tulifanya jaribio, nadhani ulishangaa kutusikia kimya baada ya moshi wako. Hatukuwa kimya. Kengele ililia kabla mtu hajamaliza kuvuta kiko. Mashua ilishuka, wapiga makasia walikuwa wanapiga kelele kama wako harusini, na baba alipiga kengele ile mfululizo mpaka ikabidi nimshike mkono. Bwana wa forodha amechora kila kitu kwenye karatasi. Kuna Ikombe, kuna mshale, kuna dungu, kuna mshale, kuna kengele. Ni karatasi nzuri sana.

Sasa nikwambie kitu ambacho hakimo kwenye karatasi. Mshale ule wa pili ni mimi. Wewe unajua ukutila wetu. Mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hatamki jina lake, hakanyagi njia moja naye. Tangu nimuoe Veronika, huu mwaka wa nne, baba hajauona uso wake. Kutoka dungu hadi kengele ni hatua mia mbili, lakini neno haliwezi kuzivuka hatua hizo. Kwa hiyo Veronika ananiita mimi forodhani, nami namwambia baba. Bwana alipouliza kama mpango uko sawa, ningeanzia wapi kumweleza? Niliona haya, nikasema uko sawa. Na uko sawa kweli, kwa maana mimi niko hapa kila siku.

Ambilikile


Ikombe
17 Machi 1912

Shemeji,

Bwana wa kampuni alikuja kukagua rasi yetu kwa mashua yake. Tulikuwa tumesimama juu pamoja nilipoona uso wake umebadilika. Alinyoosha mkono kusini. Huko mbali zilikuwa zimesimama nguzo nne za moshi mweusi juu ya maji, ndefu kuliko milima ya Wakinga, zikipinda taratibu. Alisema ni meli za Waingereza kutoka ng'ambo, na kwamba wanakuja kabla hata bandari haijapata ulinzi. Alitaka niwashe moshi mara moja. Nilimshika mkono, mzungu, Mungu anisamehe, nikamwomba asubiri.

Zilipokaribia tulisikia sauti yake, mvumo mwembamba usiokatika. Walikuwa ni wale wadudu wadogo wa ziwa, wanaopanda kutoka majini kwa pamoja, wengi kuliko hesabu yoyote ninayofundisha. Walitufunika. Jua likapungua. Bwana wa kampuni alifunga macho na mdomo akasimama wima hivyo mpaka walipopita. Wanawake walikuwa wanakimbia na vikapu kuwakusanya, maana mkate wa wadudu hao ni mtamu. Mama alimpa kipande. Alikula, akatazama maji, akala tena. Alisema amekaa hapa miaka mitano na hajui lolote. Nilimpenda siku hiyo.

Lakini barua yako imeninyima raha. Mpango wa serikali, kampuni na watu wote hawa umepita kwenye mwili wako mmoja, na hakuna anayejua ila mimi na wewe. Ukiugua je? Mwambie bwana ukweli. Sio aibu. Kama kuna aibu, ni ndogo kuliko mitumbwi sita.

Nisamehe kwa kukufundisha kazi yako.

Zebedayo


Mwaya, Forodhani
15 Aprili 1912

Shemeji, nakuandikia haraka, mtumbwi unasubiri.

Kesho bwana wa forodha anakwenda Tukuyu kuupeleka mpango wetu bomani, wausome wakubwa. Mimi nafuatana naye kubeba karatasi na kujibu maswali. Siku nne, tano kwa wingi. Usikasirike. Sikumwambia bwana, lakini nimepanga vizuri. Ezra, mpakuzi wa ghala la kampuni, atakaa mahali pangu. Veronika akimwita, atamwambia baba. Nimemweleza kwa siri na ameelewa.

Mwambie mama mkwe soko la wiki hii litakuwa zuri, watu wanauliza vyungu.

Ambilikile


Ikombe
19 Aprili 1912

Ambilikile,

Sijui kama barua hii itakukuta. Naituma kwa miguu kwa njia ya Matema kwa sababu mitumbwi haiwezi kutoka. Nijibu neno moja tu. Kengele ililia au haikulia?

Jana asubuhi mama aliondoka kwenda sokoni kwenu, yeye na wanawake kumi na wapiga kafi wao, mitumbwi mitano imejaa vyungu. Yeye alikuwa kwenye namba 14. Kabla hawajaondoka moshi wa jikoni ulikuwa unalala. Aliuona. Alisimama mlangoni akaniambia, zamani tusingekwenda, lakini sasa kuna kengele. Na mimi, Ambilikile, mimi niliyekuonya, nilimwambia aende.

Walipopita katikati ziwa lilinyamaza. Ndege wote wakaondoka ufukweni. Kisha kusini ukatokea mstari mweusi juu ya maji, mwembamba, ungeweza kuufunika kwa kidole. Niliwasha marundo yote mawili. Moshi ulipanda, ukakaa angani kwa muda, nikaona kila kitu kimefanyika kama tulivyosema. Halafu mstari ule ukainuka. Nguzo tatu za maji zilisimama kati ya ziwa na mawingu, nyeupe chini na nyeusi juu, zikawa zinatembea kuelekea kwenu bila haraka. Maji yalikuwa yanapanda ndani yake. Nilipiga magoti, na sitakudanganya kwamba nilikuwa nasali. Nilikuwa na hofu, na wakati huo huo, Mungu anajua, sikutaka kuyaondoa macho, kwa maana sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nilikuwa natazama uzuri na mama yangu alikuwa chini yake.

Baadaye mvua ilifunga kila kitu. Mpaka leo sijaona mtumbwi hata mmoja.

Ililia au haikulia?

Zebedayo


Mwaya, Forodhani
21 Aprili 1912

Shemeji yangu,

Mama yuko hai. Wote wako hai. Nimeanza na hilo ili upumue.

Nimerudi leo kutoka Tukuyu, nimeikuta barua yako na nimewakuta wanawake wa Ikombe wamejaa nyumbani kwangu, wanakausha nguo. Kengele ililia. Mitumbwi miwili iliyokuwa karibu ilisikia ikageuza kuingia mtoni. Mashua ya kampuni ilishuka Aliko akiwa kwenye usukani, ikawatoa waliokuwa kwenye mitumbwi mitatu iliyojaa maji. Namba zilisaidia, kwa sababu Aliko alijua ni namba gani anayoitafuta, na namba 14 ilikuwa ya mwisho. Mpiga kasia mmoja amevunjika mkono. Vyungu vyote vimekwenda chini. Mama mkwe anasema samaki sasa wana vyombo vya kutosha.

Bwana wa forodha amefurahi sana. Anaandika bomani kwamba mlinzi wa kengele, Nsajigwa, alitimiza wajibu wake. Sindano ya chombo cha kioo, nimeambiwa, ilianza kushuka wakati mashua iko tayari majini.

Mama atarudi maji yakitulia.

Ambilikile


Ikombe
28 Aprili 1912

Shemeji Ambilikile,

Mama amefika. Nimemshika mikono kwa muda mrefu hata akaniambia nimwache anawe. Ndaga fijo kwako, kwa Aliko, kwa kampuni na kwa bwana wako. Kila jioni tunataja majina yenu mezani.

Lakini kuna kitu mama amekisema, nacho hakinipi usingizi. Anasema walipokuwa kwenye maji, hawaoni mbele wala nyuma, walisikia kengele. Wanawake wengine walishangilia. Yeye alinyamaza asikilize, kwa sababu haikuwa ikilia mfululizo kama kwenye jaribio. Ililia mara tatu, ikanyamaza. Mara tatu, ikanyamaza. Akawaambia walio naye, "Huyo ni Veronika. Anatusikiliza kama tuna ufa."

Anasema kuanzia hapo hakuogopa tena. Alikuwa anamfuata mwanawe kwa masikio, akiwaelekeza wapiga kafi upande ule. Kisha baada ya muda mlio ulibadilika, ukawa mzito na wa nguvu, kama mpigaji mmoja amekuwa wawili. Alipofika kwako alimwuliza Veronika. Veronika alitazama chini, akasema muulize mume wangu. Na wewe, mama anasema, ulizungumza habari za mpunga.

Barua yako haina Ezra. Haina Veronika pia. Umeniambia kweli kwamba kengele ililia. Hukuniambia nani aliipiga.

Zebedayo


Mwaya
6 Mei 1912

Kaka Zebedayo,

Mume wangu amekaa na kalamu tangu asubuhi, ameandika jina lako tu. Nimemwomba anipe karatasi. Mwandiko wangu umeharibika tangu niondoke shule ya misheni, utanisamehe.

Siku ile niliziona nguzo zako mbili. Nilikuwa nimeshaiona mitumbwi pia, vitone vitano kwenye maji. Nilimwita Ezra. Nilimwita mpaka ndege wote wakaruka. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kampuni ilimtuma Ipinda asubuhi ile kuchukua magunia. Hawakufanya vibaya, kaka. Hakuna aliyewaambia kwamba Ezra ni sehemu ya mlinzi. Wapiga makasia walikuwa upande wa pili wa ghala wakipakia tishari, kelele tupu.

Nilishuka. Nilikimbia mpaka kwenye ua wa matete ulio karibu na kengele. Nikakohoa, kama tunavyofanya ili mkwe ajue tupo. Naye, kwa heshima yake, alisogea pembeni akageuza uso ili nipite kwenda majini. Nikakohoa tena. Akasogea zaidi. Kila nilivyomwita kwa namna niliyoruhusiwa, alizidi kwenda mbali na kengele. Nikaona kwamba heshima yetu ile nzuri ingemuua mama.

Basi nikatoka kwenye matete. Nilisimama mbele yake kichwa wazi, nikamtazama machoni.

"Baba," nikasema, "moshi."

Sijui nikuelezeje uso wake. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeona mlima umesogea. Akanigeuzia mgongo akaingia ndani ya matete, nikabaki peke yangu na kengele. Nilifikiri amenilaani. Nilishika ugwe wa kengele, na mikono yangu haikujua namna nyingine ila ile ya mama. Tatu, kimya. Tatu, kimya. Nilikuwa nalia. Nyuma ya ghala nikasikia makasia yanaanguka na watu wanakimbilia mashua.

Halafu matete yakafunguka. Alikuwa anarudi kinyumenyume, kaka. Mzee yule, na koti lake la vifungo, alikuwa anatembea akitanguliza mgongo, mkono mmoja unapapasa hewani nyuma yake. Alipapasa mpaka akaupata ugwe chini ya mikono yangu. Akaushika, na akavuta. Yeye alikuwa anatazama nchi kavu, mimi natazama ziwa, na tulivuta pamoja. Zile nguzo za maji zilikuwa zinapita mbele yangu, na sauti ya kengele ilikuwa inapita kifuani mwangu na, najua, kifuani mwake. Hatukusema neno. Tulipiga hivyo mpaka Aliko aliporudi na mama.

Mume wangu hakuwaambia kwa sababu nimevunja mwiko na aliogopa mtaambiwa hamkunilea vizuri. Na mambo ya Ezra anayaonea haya zaidi. Msimkasirikie sana. Mkasirikieni kidogo.

Dada yako,
Veronika


Mwaya, Forodhani
2 Juni 1912

Shemeji Zebedayo,

Sina cha kuongeza kwenye barua ya Veronika isipokuwa kwamba ni kweli yote, na kwamba ulinionya mwezi wa tatu. Niliogopa kuonekana mshamba mbele ya bwana, nikaweka uhai wa mama mkwe juu ya Ezra na kikohozi. Namwomba msamaha, nakuomba na wewe.

Nimemwambia bwana wa forodha ukweli wote, mbele ya bwana wa kampuni na Aliko. Nilidhani nitaachishwa kazi. Bwana alitoa ile karatasi yake, akautazama mshale wa pili kwa muda mrefu. Akauliza ni mambo mangapi mengine ambayo hatujamwambia. Aliko akamjibu kwamba ni mengi, ila aulize tu.

Wazee wa kwetu walikaa kuhusu mwiko. Walitaka fahali kutoka kwenu. Baba alisimama akasema kosa hilo lilikuwa na mikono minne, kwa hiyo fahali atoke kwake, na nyinyi mje mle. Mama mkwe, tafadhali, alete chungu kimoja cha pombe, kikubwa, ambacho samaki hawajakipata. Bwana alipotaka kumsomea sifa zake za bomani, baba alikataa kusikiliza mpaka yaandikwe majina mawili. Yameandikwa.

Lakini hasemi na Veronika, wala hamtazami. Ukutila umerudi mahali pake, na Veronika mwenyewe anautaka. Tulikaa pamoja, serikali, kampuni, na sisi wenyewe, tukitafuta mtu wa kusimama katikati. Baba ndiye aliyesema hahitajiki mtu. Aliuliza ile kamba ndefu ya kampuni inafanya kazi gani. Ilikuwa imezungushwa ghalani tangu Februari. Sasa tumeifunga kutoka dungu mpaka kengele, inapita juu ya mpunga na katikati ya matete, imeshikwa na nguzo kumi na mbili za mianzi. Veronika akivuta, mwisho wake unatikisika karibu na goti la baba. Wanasema bila kuonana.

Tumeijaribu mara nyingi, hata bwana wa kampuni alivuta mara moja kwa furaha tu. Na kuna kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Kila jioni, kabla ya kushuka kwenye dungu, Veronika hugonga kamba ile mara tatu, kumwambia mkwe wake kwamba ziwa ni shwari na anakwenda nyumbani. Baba huijibu kwa kuivuta mara moja.

Jana nilikuwa nimesimama forodhani, nafunga dirisha. Kamba ilitikisika mara tatu. Baba aliinamisha shingo kama anayesikiliza kitu kilicho mbali. Kisha akainua mkono akaigonga, tatu, akanyamaza. Kule juu ya dungu nilimwona dada yako amesimama, ameshika kamba kwa mikono miwili, haondoki.

Wako,
Ambilikile